Catwoman Mjini Roma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kuwaazima watu nakala yangu ya Catwoman: When in Rome, maswali yanarudi yale yale. Wengine huuliza kabla ya kusoma, wengine baada ya kusoma, na mmoja alinipigia simu akiwa katikati ya kitabu, amekasirika. Nimeyakusanya hapa niyajibu kwa nafasi. Mwisho wa kisa sitauharibu, ila yaliyo katika vitabu vilivyotangulia nitayasema, maana bila hayo hutaelewa mwanamke huyu ameenda Italia kufanya nini.

Hiki ni kitabu gani hasa?

Ni komiki ya kampuni ya DC ya Marekani. Ilitoka kwa matoleo 6 kati ya 2004 na 2005, kisha yakaunganishwa kuwa kitabu kimoja. Hadithi imeandikwa na Jeph Loeb, imechorwa na Tim Sale, rangi ametia Dave Stewart, na herufi za maneno yaliyomo kwenye vibofu vya mazungumzo ni kazi ya Richard Starkings. Kila toleo ni siku moja ya juma, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Ni hadithi iliyochipuka kutoka hadithi nyingine. Loeb na Sale walikuwa wameshatengeneza simulizi mbili ndefu za Batman, ya kwanza The Long Halloween (1996 hadi 1997), ya pili Dark Victory (1999 hadi 2000). Katika hiyo ya pili Selina Kyle, ndiye Catwoman, anaondoka Gotham, mji wa Batman, anapotea kwa muda, kisha anarudi. Alikuwa wapi? When in Rome ndilo jibu.

Selina Kyle ni nani, kwa mtu asiyemjua kabisa?

Ni mwizi wa vito. Mchana ni bibi wa mjini, anaalikwa karamu za matajiri na kucheza nao dansi. Usiku anavaa vazi la paka, anapanda kuta na kufungua sefu za hao hao waliomkaribisha. Alitokea mara ya kwanza katika toleo namba 1 la Batman, 1940, kwa kalamu za Bill Finger na Bob Kane. Wakati huo aliitwa Paka tu, hakuwa na vazi maalumu. Alikuwa ndani ya meli, amejigeuza bibi kizee, akiwinda mkufu. Batman alimkamata, kisha akamwacha atoroke. Miaka zaidi ya 80 imepita na habari ya wawili hao bado ni ile ile.

Kuna jambo moja katika historia yake ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mwaka 1954 makampuni ya komiki ya Marekani yalijiwekea kanuni za maadili, na mojawapo ilikuwa kwamba mhalifu asionyeshwe akivutia wala akishinda. Selina anavutia na aghalabu anashinda. Akapotea kwenye kurasa tangu mwaka huo hadi 1966. Wauaji na wendawazimu wa Gotham walipatiwa namna ya kubaki, lakini mwanamke anayeiba huku msomaji akimpenda hakupatiwa nafasi. Hilo huwa nawaambia wanaodhani utata wake ni mtindo wa juzi.

Kwa nini Roma? Huko kuna nini cha kuiba?

Vipo vingi, lakini anachofuata ni kingine. Jemadari wa uhalifu Gotham alikuwa Carmine Falcone, mkuu wa ukoo wa mafia, na jina lake la mtaani lilikuwa Mrumi. Mwishoni mwa The Long Halloween Falcone anauawa. Katika Dark Victory Selina anakwenda kwenye kaburi lake na kusema kitu alichokibeba kwa muda mrefu: anaamini kwamba marehemu ndiye baba yake mzazi. Ushahidi hana. Basi anafunga safari kwenda nchi ya wazee wa Falcone kuutafuta.

Wengi wakisimulia kitabu hiki huanza na bunduki, vazi na kukimbia juu ya mapaa, na ndiyo maana wengine hukiona chepesi. Mimi nawaomba waanze na neno moja la kwetu: ubini. Kila fomu tuliyowahi kujaza ina nafasi hiyo. Jina lako, jina la baba, ubini. Nilipoandikishwa kidato cha kwanza, mwalimu alimwita mwenzetu mmoja mbele ya darasa na kumuuliza mbona nafasi ya jina la baba ameiacha wazi. Alisimama pale na kalamu mkononi, darasa zima kimya, na mwalimu hakuona tatizo la swali lake. Huyo mwenzetu alikuwa hodari wa kila kitu, na siku ile alionekana kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Ninaposoma Selina anapoingia jumba la watu usiku kutafuta karatasi na kumbukumbu za ukoo, namkumbuka yeye.

Mwanamke huyu amezoea kuchukua kila akitakacho. Kitu kimoja tu hakichukuliki kwa kamba na kifaa cha kukatia vioo, nacho ni ukoo. Lazima mtu akukubali kwa kinywa chake.

Huyo Falcone si ndiye aliyechanwa uso na Catwoman?

Ndiye, na asante kwa kuuliza, kwa sababu hapa ndipo Loeb na Sale walipofanya kazi ya akili. Mwaka 1987 Frank Miller na David Mazzucchelli walitoa Batman: Year One. Mle ndani Selina anavamia nyumba ya Falcone na kumpiga makucha usoni, kwa sababu magazeti yalikuwa yanamwita msaidizi wa Batman na yeye alitaka ajulikane kwa kazi yake mwenyewe. Miaka karibu 10 baadaye Sale akamchora Falcone akiwa na makovu yale shavuni, ukurasa baada ya ukurasa.

Sasa chukua dhana ya kwamba ni baba na binti, kisha rudi uangalie lile shavu. Kama kweli ni bintiye, alama pekee aliyowahi kumwekea mzazi wake ni hiyo, na aliiweka bila kujua. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa.

Lazima nisome vitabu vingine kwanza?

Ningekushauri usome The Long Halloween, kisha Dark Victory, halafu hiki. Ukikosa muda, soma Dark Victory peke yake; utapata kiini. Ukianza na hiki moja kwa moja utafurahia safari, lakini jina Falcone litakuwa jina tu. Year One ni fupi na ni nzuri, isome wakati wowote. Tangu 2024 kumekuwa na mfululizo mwingine wa Loeb katika ukoo huu huu wa hadithi, The Last Halloween, lakini huo usiuguse kabla ya hivi.

Jina la kitabu lina maana gani?

Ni nusu ya methali ya Kiingereza inayomwambia mgeni afuate mila za Warumi akiwa Roma. Sisi tunayo yetu, na kwa kisa hiki naiona kali zaidi: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mchezo wa maneno uko kwenye lakabu ya Falcone. Kwenda Roma ni kwenda kwa Mrumi. Na kila anayemkaribisha Selina Italia anamtaka afumbe jicho: asiulize nani kamuua nani, asiulize mali imetoka wapi, asiulize mtoto fulani alikwenda wapi. Yeye kaenda kuuliza hayo hayo.

Kisa kinaanzaje?

Selina anawasili Roma akiwa na Edward Nygma, yule Riddler, mtu wa mafumbo kutoka Gotham. Nygma ndiye mwenye kujua mambo, au ndivyo anavyojitangaza. Wanakwenda kumwona Don Verinni, mkubwa wa mafia wa huko, ambaye huenda anajua habari za familia ya Falcone. Verinni anakufa, na kifo chake kina tabasamu la sumu ya Joker. Joker yuko Gotham. Nani kaileta sumu Roma?

Kuanzia hapo mafia wanamwinda, na kila siku inaleta silaha nyingine inayojulikana kuwa ya mhalifu fulani wa nyumbani. Mtu amevuka bahari, na nyumbani kumemfuata. Njiani anampata kijana mmoja wa nywele za dhahabu, Christopher Castillo, muuaji wa kukodiwa mwenye maneno matamu, na pia anakutana na Cheetah, adui wa siku nyingi wa Wonder Woman. Zaidi ya hapo nanyamaza.

Nygma ni rafiki yake au adui?

Msome kwa makini tangu Jumatatu. Mtu anayekusaidia kutafuta baba yako bila kusema anataka nini, huyo usimpe kisogo.

Batman yumo?

Yumo ndotoni. Selina anamwota, na ndoto hizo ni kati ya kurasa bora za kitabu, kwa sababu humo hamuigizi mtu. Macho yakifumbuka anarudi kuwa mjanja, mwenye jibu la kila neno. Usingizini ana hofu na ana hamu, na mara nyingi huwezi kuzitenganisha.

Nimeshasikia malalamiko kwamba hadithi ya mwanamke haipaswi kuwa na mwanamume hata kwenye usingizi wake. Nayaelewa. Lakini angalia ni Batman gani anayeota: kivuli kirefu kisichosema moja kwa moja kama kinampenda au kinamkamata. Mtu aliyekua bila baba akiota mwanamume mkubwa aliyejifunika uso, mimi siioni kuwa ndoto ya mapenzi peke yake.

Kwa hiyo ni mwema au mbaya? Mnamtetea mwizi?

Hili ndilo swali la yule aliyenipigia simu, na nitalijibu kwa urefu.

Sisemi wizi ni halali. Nyumba yetu imewahi kuvunjwa, na hasara ya vitu ilikuwa ndogo kuliko miezi ile ambayo mama alilala akiwa amewasha taa. Komiki hii nayo haisemi wizi ni halali. Selina ni mwongo, ni mchoyo wa siri, anatumia urembo wake kama funguo bandia, na watu walio karibu naye huumia. Hakuna ukurasa unaomwosha.

Kinachofanya nimpende ni kwamba naye hajioshi. Wahalifu wengine katika simulizi hizi wana hotuba. Mmoja atakwambia jamii ilimkosea, mwingine atakwambia anasafisha mji. Falcone mwenyewe anazungumza juu ya familia na heshima huku mikono ina damu. Selina anasema alichofanya, basi. Ana mipaka yake, ingawa hajaiandika popote: muuaji si yeye, na mnyonge hamwibii. Akiwa kati ya watu wanaoua kisha wakasema ni kwa ajili ya ukoo, mwizi asiye na ukoo ndiye anayeonekana msafi kidogo. Neno kidogo nalisema kwa makusudi.

Halafu kuna swali linalonikosesha raha kila ninaporudia kitabu. Anataka kuthibitisha kwamba ni binti wa nani? Wa jambazi aliyeua watu wengi. Akifanikiwa, atapata jina lenye damu. Kwa nini mtu atake jina kama hilo? Niliwahi kumuuliza yule mwenzetu wa kidato cha kwanza, tukiwa watu wazima, swali linalofanana na hilo, maana alikuwa amesikia kwamba baba yake hakuwa mtu mzuri. Akanijibu kwamba angemchukua hivyo hivyo, angalau ajue pua yake imetoka wapi.

Michoro inasifiwa sana. Kuna nini?

Fungua jalada la toleo lolote. Mistari michache ya wino mweusi, rangi moja au mbili, na nafasi kubwa tupu. Mtindo huo Sale aliuchukua kwa heshima kutoka kwa René Gruau, mchoraji wa mitindo ya mavazi aliyezaliwa Rimini, Italia, mwaka 1909, akawa mashuhuri Paris kwa matangazo ya Dior, na akafariki Roma mwaka 2004, miezi michache kabla ya toleo la kwanza kutoka. Gruau aliweza kukuchorea bega, glovu na ukingo wa kofia, ukaona mwanamke mzima na kiburi chake chote. Sale akamvika Catwoman kiburi hicho.

Ndani ya kitabu anafanya jambo hilo hilo kwa giza. Mtazame Selina katika vazi lake la zambarau lenye mkia mrefu: mara nyingi nusu ya mwili imemezwa na kivuli, na mkia ndio unaokuonyesha anaelekea wapi. Hakuchora kila tofali la Roma. Anakupa paa, anga na umbali wa kwenda chini, mguu wako wenyewe unasisimka.

Na jua hili: Tim Sale alikuwa na upofu wa rangi. Alifanya kazi kwa wino na kivuli cha maji, kutoka weusi hadi kijivu hadi weupe, kisha mtia rangi akaendelea. Kwa hiyo joto lile la kurasa za mchana na ubaridi wa usiku, hapo mpongeze Dave Stewart. Sale alifariki tarehe 16 Juni 2022, akiwa na miaka 66. Wasomaji wengine wanaifahamu kazi yake bila kujua, maana ile michoro ya kutabiri yajayo katika tamthilia ya Heroes ilikuwa yake.

Mbona Selina anachorwa mara nyingi akiwa hana nguo za kutosha?

Ni kweli, na sitajifanya sijaona. Bafuni, kitandani, kwenye gauni la usiku. Baadhi ya kurasa hizo zina kazi: zinaonyesha mtu pale anapokuwa hana silaha. Nyingine hazina kazi yoyote, ni wanaume wawili wa mwaka 2004 wakiwachorea wanaume wenzao. Kitabu kingekuwa bora bila hizo, na kukipenda hakunizuii kusema hivyo.

Kinafaa watoto?

Hapana. Kuanzia miaka 15 hivi, kwa sababu ya mauaji na hayo niliyoyataja juu.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nitaelewa?

Utaelewa. Komiki ni rafiki mzuri wa mtu anayejifunza lugha, kwa kuwa picha inakushika mkono. Shida itakuwa kwenye utani wa Selina na mafumbo ya Nygma, ambayo mengi ni michezo ya maneno. Nilichofanya mimi mara ya kwanza ni kusoma kitabu chote kwa macho tu, bila kusoma vibofu, nikafuata nyuso. Mara ya pili nikasoma maneno. Kama ulikua ukisoma katuni za magazetini na majarida kama Sani, macho yako tayari yanajua kazi hiyo.

Ni hadithi ile ya filamu ya 2004?

Hapana, ingawa zilitoka mwaka mmoja. Filamu ile ya Halle Berry ina mhusika anayeitwa Patience Phillips, si Selina Kyle, na haina Falcone wala Gotham. Ukitaka filamu yenye damu ya kitabu hiki, tazama The Batman ya 2022. Mle ndani Selina, ameigizwa na Zoë Kravitz, ni binti wa Carmine Falcone, na mambo hayafichwi. Nilipoisikia ile kauli ukumbini nilishtuka, kwa kuwa nilizoea swali, na filamu ikanipa jibu.

Nisipopenda habari za mashujaa, kuna sababu ya kukisoma?

Ipo. Humu hakuna anayeokoa dunia. Kuna mgeni katika mji wa watu, lugha si yake, mwenyeji haaminiki, na anatafuta watu wanaoweza kumwambia alitoka tumbo la nani. Walioishi ughaibuni watakutana na mengi wanayoyajua.

Niambie ukweli: mwishoni anampata baba yake?

Nilisema sitaharibu mwisho. Nitasema kimoja tu, kwa ajili ya wale wanaosoma mwisho kwanza wapate kutulia: usitarajie cheti cha kuzaliwa. Selina anakutana na mtu anayeweza kujua, na wanazungumza. Soma yale mazungumzo polepole, uangalie mikono na macho yao zaidi ya maneno. Kisha juma linafika Jumamosi na hadithi inaishia hapo. Kwa hesabu ya Kiingereza siku zimekaribia kwisha. Kwetu, Jumamosi ni siku ya kwanza.

Yule mwenzangu nilimwazima nakala hii mwaka juzi. Aliirudisha baada ya wiki moja, imefungwa vizuri kwenye gazeti, na hakusema kitu juu ya kisa. Aliuliza tu kama kile kitabu chenye makovu ya shavuni ninacho, nikampa.